Msitu na Hewa Ukaa: Kinachoingia, Kinachotoka na Kinachobaki

Mvua zinapokaribia, mazungumzo ya miti hurudi Nairobi. Serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miche, na ikawa hivyo tena tarehe 10 Mei 2024, siku iliyotengwa pia kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko. Makampuni hupiga picha na majembe. Huko mashambani, wanakijiji husikia kwamba kuna wageni wanaokuja "kununua hewa". Katikati ya hayo yote, maswali ya msingi hubaki yakielea. Mti hufanya nini hasa na moshi wa magari ya Thika Road? Mche uliopandwa jana unaweza kulipia mti uliokatwa leo? Ni kweli kwamba miti hutoa hewa mbaya usiku? Na hewa inauzwa vipi, ilhali haifungwi kwenye gunia?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu hutokana na kuchanganya vitu viwili: kiasi cha kaboni ambacho msitu tayari umekihifadhi, na kasi ambayo msitu unavuta kaboni mpya kutoka angani. Ni vipimo viwili tofauti, na mara nyingi kimoja kikiwa kikubwa kingine huwa kidogo.

Maneno ya kushika kwanza

Gesijoto ni gesi zinazoruhusu mwanga wa jua ufike ardhini, kisha zikazuia sehemu ya joto linalorudi juu lisitoroke. Kubwa kati yake ni mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi (tunayoiita hewa ukaa), methani na nitrasi oksaidi. Gesi hizi zenyewe si adui. Bila hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri na maji yangeganda. Taabu imetokana na kiasi. Kabla ya enzi ya viwanda, kila chembe milioni moja za hewa zilikuwa na chembe 280 hivi za hewa ukaa. Leo zimepita 420, na sababu kuu ni uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini, ikifuatiwa na ukataji wa misitu.

Kaboni na hewa ukaa navyo si kitu kimoja, na magazeti huvichanganya kila wiki. Kilo 12 za kaboni zikiungana na kilo 32 za oksijeni hupatikana kilo 44 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ya kaboni iliyo ndani ya mti ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa iliyoondolewa angani. Ukisoma kwamba msitu fulani una "tani 100", uliza: tani za nini? Jibu linaweza kubadili hesabu karibu mara nne.

Neno la tatu ni msitu. Kwa takwimu za Kenya, eneo huhesabiwa kuwa msitu likiwa na ukubwa wa angalau nusu hektari, miti inayoweza kufikia urefu wa mita 2, na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Miti ya shambani, ya kando ya barabara na ya uani huingia kwenye hesabu nyingine, ile ya eneo lenye miti. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilitoa asilimia 12.13 kwa eneo lenye miti na asilimia 8.83 kwa misitu. Katiba, katika kifungu cha 69, inadai angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Ndiyo maana mtu mmoja husema tumevuka lengo na mwenzake akasema bado, wote wawili wakisoma ripoti ileile.

Mbao hutoka hewani

Ukiuliza watu mti hujengwa kwa nini, wengi hujibu kwamba hujengwa kwa udongo. Jan Baptist van Helmont, mganga wa Brussels, alilipima jambo hili katika karne ya 17. Alipanda mti katika chombo chenye udongo aliokuwa ameupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa kilo 74 hivi; udongo ulipungua gramu 57 tu. Yeye alidhani uzito wote ulitokana na maji. Leo tunajua kwamba takriban nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kaboni hiyo yote ilikuwa hewani.

Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hewa ukaa huingia kupitia vitundu hivyo, na kwa nguvu ya jua jani huiunganisha na maji na kutengeneza sukari, huku likitoa oksijeni. Hiyo ndiyo kazi inayoitwa usanisinuru. Lakini mti nao huishi: huchoma sehemu ya sukari hiyo ili kupata nguvu, usiku na mchana, na kurudisha hewa ukaa angani. Kwa makadirio ya jumla, karibu nusu ya kinachovutwa hurudi kwa njia hiyo. Kinachobaki huwa shina, matawi, mizizi na majani. Majani yakidondoka na mizizi ikifa, kuvu na bakteria wa udongoni huvila na kurudisha sehemu nyingine angani. Kidogo hubaki kwenye udongo, pengine kwa karne nyingi.

Fikiria tangi la maji juu ya nyumba, kama yale yaliyojaa katika mitaa ambako mgao wa maji ni jambo la kila wiki. Kuna bomba linaloingiza, kuna bomba linalotoa, na kuna maji yaliyomo. Msitu mchanga ni tangi lisilo na kitu ambalo bomba lake la kuingiza limefunguliwa sana. Msitu mzee ni tangi lililojaa. Yanayoingia yanakaribia kulingana na yanayotoka. Mtu anayetazama mabomba peke yake ataona tangi lililojaa "halifanyi kazi". Mwenye nyumba anajua hilo ndilo lisilopaswa kutobolewa.

Tuweke tarakimu. Wataalamu hupima kipenyo cha shina kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, wakaongeza urefu wa mti na uzito wa aina ya mbao yake. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 18 na mbao ya ugumu wa kati, ukikaushwa, huwa na takriban kilo 520 juu ya ardhi. Ndani ya hizo mna kilo 245 hivi za kaboni, sawa na kilo 900 za hewa ukaa. Sasa chukua mti wa kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 25: uzito mkavu unafika karibu kilo 2,800, sawa na tani 4.8 za hewa ukaa. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, lakini hifadhi imeongezeka zaidi ya mara tano. Mche wa kitaluni wenye urefu wa sentimita 30 una gramu chache tu za uzito mkavu.

Ndiyo sababu tangazo la "tutakata mti mmoja na kupanda kumi" linapaswa kutushtua zaidi ya linavyotuliza. Miche kumi siku ya kupandwa haina hata kilo moja ya kaboni. Inaweza kufikia hifadhi ya mti uliokatwa baada ya miongo kadhaa, ikiwa itanusurika ukame, mbuzi na moto. Hewa ukaa ya mti uliokatwa, ukichomwa, iko angani wiki hiyohiyo.

Usiku, oksijeni na "mapafu ya dunia"

Wazazi wengi walituonya tusilale karibu na maua au miti kwa sababu "inatoa hewa mbaya usiku". Msingi wa onyo hilo ni kweli kidogo: gizani mimea mingi haivuti hewa ukaa, inapumua tu. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo sana. Binadamu mmoja hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa siku, kwa hiyo anayelala kando yako anakuzidishia hewa ukaa kuliko maua yote ya chumbani. Kinachodhuru usiku ni jiko la makaa lililofungiwa ndani, linalotoa kaboni monoksaidi. Hiyo ni gesi nyingine kabisa, na ndiyo inayoua watu Nairobi kila msimu wa baridi.

Wengine huiita misitu "mapafu ya dunia", wakidhani ndiyo inayotupa oksijeni. Lakini msitu mzima uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitengeneza, kupitia kupumua kwa miti yenyewe na kuoza kwa majani. Oksijeni tunayovuta, ambayo ni asilimia 21 ya hewa, ni hazina iliyojengeka kwa mamilioni ya miaka. Hata misitu yote ikiteketea, kiwango hicho kingeshuka kidogo mno. Hoja ya kulinda msitu haihitaji kuegemea oksijeni. Ina miguu imara zaidi kwenye kaboni, maji, udongo na viumbe.

Karura na matatu

Watu wa Nairobi hujivunia Karura, msitu ulio ndani ya jiji lao, na wana haki. Wangari Maathai na wenzake walipoizuia isikatwe viwanja mwishoni mwa miaka ya 1990, walilinda hifadhi ambayo hakuna mradi wa upanzi ungeweza kuirudisha ndani ya maisha yao. Lakini inaweza kusafisha moshi wa jiji?

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Matatu inayochoma lita 30 kwa siku, ikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hutoa takriban tani 24. Karura ina hektari zipatazo 1,041. Tuwe wakarimu na tuseme kila hektari inavuta tani 10 za hewa ukaa kwa mwaka, kasi ya msitu mchanga unaokua vizuri. Jumla inakuwa tani 10,410, yaani moshi wa matatu kama 430. Hesabu hiyo haijagusa magari ya kibinafsi, malori, viwanda wala ndege.

Hesabu hii haidharau Karura. Inaonyesha kwamba bomba la kuingiza ni jembamba, na msitu wowote una mpaka wa kiasi unachoweza kuhifadhi. Kaboni ya mafuta ilikuwa imefungiwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Tukiichoma na kusema miti itaichukua, tunaihamisha kutoka mahali salama hadi mahali panapoweza kuungua alasiri moja ya Februari.

Duniani kote, misitu na mimea mingine ya nchi kavu huvuta takriban asilimia 30 ya hewa ukaa ambayo binadamu huitoa kila mwaka. Bahari huchukua karibu robo. Kinachobaki hujilimbikiza angani. Wakati huohuo ukataji wa misitu na mabadiliko ya matumizi ya ardhi huchangia karibu sehemu moja ya kumi ya hewa ukaa yote tunayoitoa. Msitu, basi, uko pande zote mbili za daftari, na sisi ndio tunaoamua uandikwe upande gani.

Upande wa hasara, Nairobi ina mkono mrefu kwa sababu ya makaa. Katika tanuri la kawaida la udongo huhitajika kilo 5 hadi 10 za mbao kavu ili kupata kilo moja ya makaa. Nyingine hupotea kama moshi na gesi. Gunia la kilo 50 linaloshushwa sokoni linawakilisha kilo 250 hadi 500 za mbao. Rudi kwenye ule mti wa sentimita 30 wenye kilo 520: gunia moja linaweza kuumeza karibu wote. Tanuri likiwa na nyufa nyingi, hewa huingia na mbao huwa majivu. Mbao zikiwa mbichi, nguvu nyingi hutumika kukausha maji kwanza. Kukausha magogo kwa wiki kadhaa, kuyapanga yakabane na kuweka bomba la moshi huongeza mavuno, na kila kilo ya makaa iliyookolewa ni kilo kadhaa za mti zilizobaki zimesimama. Jikoni nako, jiko lenye kauri ndani hupunguza makaa yanayotumika kwa chungu kilekile cha maharagwe.

Gesi nyingine zinazosahaulika

Mazungumzo yetu hukwama kwenye hewa ukaa, ilhali msitu hushughulika na gesi nyingine pia. Methani ina nguvu ya kushika joto takriban mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, ingawa yenyewe hudumu angani miaka 12 hivi tu. Udongo wa msitu usiotuama maji una bakteria wanaokula methani kutoka hewani. Msitu ukifyekwa na udongo ukakanyagwa na kugandamizwa, uwezo huo hupungua. Kwenye vinamasi mambo hugeuka, kwa kuwa maji yakiziba oksijeni bakteria wengine hutengeneza methani. Mchwa nao huitoa, na matanuri ya makaa pia. Nitrasi oksaidi, yenye nguvu zaidi ya mara 270 ya hewa ukaa, hutoka kwenye udongo, na huongezeka sana shamba linapotiwa mbolea ya nitrojeni kupita mahitaji ya mimea.

Mikoko ya pwani ni mfano mzuri wa jinsi gesi hizi zinavyoshindana. Matope yake hayana oksijeni, kwa hiyo mizizi na majani yaliyozikwa huoza polepole mno na kaboni hurundikana mita kwa mita. Tungetarajia methani nyingi, lakini maji ya bahari yana salfeti, na bakteria wanaotumia salfeti huwashinda wale wa methani. Hivyo hektari ya mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa ya hektari ya msitu wa bara, nyingi yake ikiwa chini ya miguu. Anayekata mkoko kwa ajili ya nguzo hupoteza mti. Anayechimba matope kutengeneza bwawa hufungua hifadhi nzima.

Msitu hupoza, na joto huutafuna

Kaboni ni nusu ya habari. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto linalolingana na takriban uniti 0.68 za umeme. Mti mkubwa unaotoa lita 100 kwa siku kupitia majani yake huondoa joto la uniti 68 hivi, bila tokeni. Katika nchi za tropiki mvuke huo huchangia pia mawingu na mvua. Kaskazini ya mbali mambo ni tofauti: huko msitu mweusi juu ya theluji nyeupe hunyonya jua ambalo theluji ingelirudisha, na faida ya kupoza hupungua. Ushauri wa miti unaotoka nchi za baridi, kwa hiyo, hauwezi kubebwa mzimamzima hadi kwetu, na wetu hauwezi kubebwa kwao.

Kwa Nairobi, nadhani faida hizi za maji na ubaridi zinazidi ile ya kaboni ya misitu ya ndani ya jiji. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, linalolishwa na mito ya msitu wa Nyandarua. Majani yaliyooza na mizizi huufanya udongo unywe mvua kubwa na kuiachilia polepole. Mlima ukiwa uchi, mvua ileile huja kwa siku moja ikiwa imebeba tope, kisha mto hukauka.

Lakini mabadiliko ya tabianchi nayo yanaugusa msitu. Hewa ukaa ikizidi, miti mingi huweza kukua kwa kasi zaidi, na misitu mizee ya Afrika isiyoguswa iliendelea kuongeza kaboni kwa miongo kadhaa, kinyume cha dhana kwamba msitu mzee umelala. Faida hiyo ina kikomo. Kukiwa na joto na ukame, mti hufunga vile vitundu vya majani ili usipoteze maji. Ukivifunga hauvuti hewa ukaa. Wakati huohuo joto huharakisha kupumua na kuoza kwa udongo. Bomba la kuingiza hubanwa, la kutoa hufunguka. Sehemu za kusini-mashariki mwa Amazon tayari zimepimwa zikitoa hewa ukaa nyingi kuliko zinavyovuta. Kenya ilikosa misimu mitano mfululizo ya mvua kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, kisha ikapigwa na mafuriko ya 2024. Mwezi Machi 2012 moto ulichoma maelfu ya hektari kwenye Mlima Kenya. Miti ya milimani haiwezi kuhama haraka kama hali ya hewa inavyohama.

Kupanda ili mti uishi

Lengo la miti bilioni 15 linaambatana na kurejesha hektari milioni 10.6 na kufikisha eneo lenye miti hadi asilimia 30. Miche ikipandwa mita 3 kwa mita 3, hektari huchukua miti 1,111. Idadi ya miche iliyopandwa ndiyo inayotangazwa. Idadi inayostahili kutangazwa ni ya miti iliyo hai baada ya miaka 3.

Miche hufa kwa sababu zinazojulikana. Hupandwa mvua zinapoisha badala ya wiki mbili tatu za mwanzo, iwe ni msimu wa Machi au wa Oktoba. Hutolewa kitaluni moja kwa moja kutoka kivulini bila kuzoeshwa jua na kupunguziwa maji. Hupandwa ikiwa bado ndani ya karatasi ya plastiki, na mizizi ikajizungusha mpaka ikajinyonga. Shimo huwa dogo kama la kupanda mahindi. Chimba sentimita 45 kwenda chini na 45 kwa upana, weka kando udongo wa juu, na urudishe huo kwanza karibu na mizizi. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi. Kisha kuna palizi kwa misimu minne hadi sita, kwa sababu nyasi humwibia mche maji kuliko jua linavyomwibia. Bajeti nyingi huishia siku ya picha, na palizi haina mpiga picha.

Mahali ni muhimu kuliko idadi. Nyanda za nyasi za Athi na Kapiti hazikupoteza msitu, ndivyo zilivyo. Nyasi huhifadhi kaboni yake zaidi mizizini na udongoni, ambako moto haufiki, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi huzitegemea. Kuzijaza miti ni kuharibu mfumo mmoja kwa jina la mwingine. Mkaratusi hukua upesi na ni mti mzuri wa nguzo, lakini usiupande kando ya mto wala kwenye chemchemi. Kwenye msitu wa asili uliokatwa, mara nyingi hatua ya kwanza ni kuweka ua na kuzuia mifugo, kwa kuwa visiki huchipua na mbegu zimo udongoni. Baadaye jazia mapengo kwa miti ya pale pale: kwa Nairobi na viunga vyake, muhugu, mukinduri, muthiga, mutarakwa na mzeituni wa mwituni. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iliyoko Muguga, huuza mbegu zenye asili inayojulikana.

Kuna pia misitu ya kupandwa ya misonobari na misaiprasi. Marufuku ya ukataji iliyowekwa Februari 2018 ilipoondolewa Julai 2023, wengi waliona ni ruhusa ya kuumaliza msitu wa asili. Kuvuna shamba la misaiprasi lililokomaa na kulipanda upya ni kama kuvuna zao la miaka 30, na mbao zikiwa paa au meza, kaboni hubaki humo miaka mingi. Hatari iko kwenye mpaka: gogo la mutarakwa likipakiwa chini ya magogo ya saiprasi, ndani ya lori moja, kwa kibali kimoja.

"Kununua hewa"

Hakuna anayenunua hewa. Kinachouzwa ni hati inayosema kwamba tani moja ya hewa ukaa imeondolewa angani, au imezuiwa isiingie, kwa sababu ya kazi fulani. Mnunuzi, mara nyingi kampuni ya nje, huitumia kufidia tani moja ya moshi wake. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za aina hii tangu 2013 kutokana na hektari 117 za mikoko, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za vijiji vyake. Katika Kasigau, Taita Taveta, hati zilianza kutolewa mwaka 2011 kwa kulinda msitu wa nyika.

Ugumu uko kwenye neno "kwa sababu". Ili kujua umezuia nini, lazima ukadirie kingetokea nini bila mradi. Ukidai kwamba msitu wote ungekatwa, ilhali hakuna aliyekuwa na shoka karibu, hati zako ni karatasi tupu, na moshi wa mnunuzi ni wa kweli. Ukizuia wachoma makaa hapa wakahamia ranchi jirani, hukupunguza kitu. Moto ukipita mwaka wa 8, tani zilizouzwa mwaka wa 2 zimerudi angani. Miradi mizuri hutenga akiba ya hati zisizouzwa kwa ajili hiyo.

Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka kila mradi ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii husika, na katika miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Anayeletewa mkataba na aulize, kabla ya kutia sahihi: unadumu miaka mingapi, na watoto wetu watafungwa nao? Asilimia 40 inahesabiwa kabla au baada ya gharama za kampuni? Tutaendelea kulisha mifugo na kuokota kuni wapi? Nani atapima miti, na tutaonyeshwa vipimo? Msitu ukiungua, nani atalipa? Majibu yaandikwe kwa lugha ambayo wazee wa kijiji wanaisoma, na nakala moja ibaki kijijini.